Nakala ya Tatu

Gundi alijalidi nakala tatu, na hapo ndipo alipoharibu. Msimlaumu haraka. Waulizeni wajalidi wote wenye vibanda karibu na vyuo, watawaambia kazi ya maana hutoka nakala tatu: moja ya ofisi, moja ya akiba, moja ya mwenye kazi. Kwa miaka tisa alikuwa amezifunga tasnifu za wanafunzi kwa mtindo huo, jalada jeusi gumu, jina la mwandishi kwa herufi za dhahabu mgongoni, na mkono ukishazoea kitu haukuombi ruhusa.

Jina la Gundi alilipata kwa sababu kucha zake hazikuwahi kuonekana bila gundi iliyokauka. Binti aliyempenda alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye kitambulisho. Alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi, na walijuana siku Gundi alipopeleka hospitali madaftari mapya ya kuandikia vizazi. Siku ya pili tu kurasa za daftari moja zikachomoka. Mkunga akampigia simu. "Fundi, daftari lako limejifungua kabla ya miezi yake. Njoo uone watoto." Gundi alikuja mbio, akalishona upya, akarudi kesho yake kulikagua, akarudi na keshokutwa, mpaka manesi wakaanza kuulizana daftari hilo linaumwa nini lisilopona.

Kwao binti huyu aliitwa Dakika. Baba yake alikuwa fundi saa, na mwanawe alipozaliwa mdogo kiasi cha kuenea kiganjani, mzee alisema saa nzima haijafika bado, hii ni dakika, tuilee hivyo hivyo. Wakailea, ikawa mwanamke.

Balaa lilianza kwa wema. Dakika alikuwa akiweka mtandaoni video fupi za kuwaeleza wasichana yale ambayo mama wengi huona haya kuyasema: hedhi, maumivu yasiyo ya kawaida, maswali ya kumuuliza nesi bila kutetemeka. Mwaka mzima aliandikiwa asante. Kisha ikaja akaunti moja iliyomwita mwalimu wa umalaya, zikafuata kumi, zikawa arobaini. Wakatafuta anafanya kazi wapi, wakaandika mpaka zamu zake. Mwisho wakauchukua uso wake, wakaubandika kwenye mwili wa mwanamke aliye uchi, mwanamke asiyemjua wala hajapata kumwona, wakaisambaza picha hiyo kama habari njema.

Afisa wa polisi waliyemwendea, mama mmoja mwenye sauti ya uchovu, aliwaambia wazi kwamba kuonyeshwa simu hakumtoshi. "Nileteeni karatasi. Kila tusi na tarehe yake na jina la akaunti, na picha zote. Kesi haisimami kwa machozi, dada yangu."

Karatasi! Nani mwingine angeifanya kazi hiyo? Gundi alifunga kibanda siku tatu. Dakika alimkabidhi simu yake, pamoja na sharti moja.

"Popote, Gundi. Polisi, kwa wakili, mahakamani tukifika. Ila nyumbani kwetu isiingie hata karatasi moja."

"Wazee wangekusaidia kubeba."

"Baba ana simu ya vitufe. Hajui. Mama hajui. Nikivuka mlango ule, pamebaki mahali pamoja duniani ambapo hakuna aliyeniona hivyo. Niachie hapo tu."

"Nimekuachia," akasema Gundi. Na siku ile alisema kweli.

*

Alhamisi hiyo Dakika alitakiwa kutoka zamu saa saba mchana. Alitoka karibu na saa kumi, kwa sababu kuna mtoto aliyekuja akitanguliza miguu, na mkunga hamwachi mzazi katikati ya njia. Alikuwa hoi lakini moyo wake mwepesi, maana mtoto alilia. Kesho yake saa nne walikuwa na miadi kwa yule afisa. Na Jumapili wazee wa upande wa Gundi walikuwa waje kuposa, baada ya mama yake kugoma miezi sita. Mama yule alikuwa ameonyeshwa ile picha na jirani, akasema lisemwalo lipo, na kwamba hakumzaa mwanawe aje aoe mwanamke ambaye mji mzima unayajua maungo yake. Gundi alimbembeleza, akanuna, akagoma kula kwake, mpaka mama akasema haya, njooni mniue.

Mlangoni Dakika aliviona viatu vya Gundi vimepangwa pembeni. Akatabasamu peke yake. Akavua vyake akaviweka karibu na vile, ubavu kwa ubavu, akaingia.

Baba alikuwa kwenye meza ya dirishani, pale pale anapotengenezea saa tangu alipofunga duka. Kilenzi chake cheusi kilikuwa jichoni. Chini ya kilenzi hapakuwa na saa. Palikuwa na kitabu kinene, jalada jeusi, kimefunguliwa katikati. Gundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha sahani mkononi, haingii wala hatoki.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Hakuinua uso. Kila siku bintiye akitoka kazini mzee humuuliza wamezaliwa wangapi leo, na Dakika hutaja idadi, na mzee husema dunia inajaa, tutakaa wapi. Leo hakuuliza. Alifunua ukurasa.

Ndipo Dakika alipouona mgongo wa kitabu. Jina lake, na la baba yake, na la babu yake, yote matatu kwa dhahabu. Herufi zilikuwa zimenyooka vizuri sana. Akashika kiti.

"Nani kakileta hiki hapa?"

"Mimi," akasema Gundi. "Nilikuja ukitie sahihi kabla ya kesho. Nikakukosa."

"Usimkaripie mgeni," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilitisha zaidi. "Mimi ndiye niliyefungua. Nilipotoka jikoni niliona jina lako, na langu, na la marehemu baba yangu, kwa dhahabu. Nikasema mwanangu kaandika kitabu. Nikamwita mama yako aje aone."

Mama aliziba mdomo kwa kile kitambaa.

"Baba, naomba ukifunge."

"Niko ukurasa wa mia na kumi na moja. Sijaruka."

"Kwa nini ukasoma? Si ungeacha ulipoona ni matusi?"

Mzee alifikiri kidogo. "Nilidhani mbele nitamkuta anayekutetea. Nikawa nafunua. Nikasema labda ukurasa ujao."

"Wapo, Baba! Wapo wengi walionitetea. Hao hawakuchapwa. Polisi wanataka matusi tu."

"Aa," mzee akasema. "Sikujua."

Alirudisha kurasa kadhaa nyuma, mpaka mahali alipokuwa ameweka kipande cha karatasi. Mama akasogea. "Baba Dakika, acha. Nakuomba uache."

"Ngoja, mama. Nina swali moja tu, halafu nanyamaza." Aligeuza kitabu kielekee kwa bintiye, akaificha nusu ya ukurasa kwa kiganja chake kipana, ukabaki uso na mabega. "Utakalojibu nitalikubali. Huyu ni wewe?"

Dakika alikuwa ameitwa kila jina. Aliitwa na watu asiowajua, akiwa kwenye foleni, akiwa anakula, akiwa amemshika mtoto wa dakika kumi na simu inatetemeka mfukoni. Yote hayo aliyabeba. Swali hili la maneno matatu, lililoulizwa kwa upole na mtu aliyemfundisha kuhesabu, lilimvunja.

"Si mimi, Baba. Uso tu ndio wangu. Kwenye simu kila mtu anaona! Shingo rangi yake, mwili rangi yake. Hata mtoto angeona pameungwa."

"Nimetazama shingoni kwa lenzi," baba akasema taratibu. "Miaka arobaini natafuta nyufa kama unywele kwenye vioo vya saa. Sikuona kiungo."

Hakuwa anamshtaki. Alikuwa anaomba aonyeshwe. Dakika aliinama, akatafuta pamoja naye, baba na binti, vichwa vinakaribia kugusana juu ya picha ile. Kweli kiungo hakikuwapo. Gundi alikuwa amechapa nyeusi na nyeupe, kama wachapavyo vielelezo vya mahakamani, na kijivu cha shingo na kijivu cha kifua vilikuwa kimoja. Hata ule ukungu uliokuwa ukingoni mwa kidevu haukuwapo.

"Mzee, ni mimi," Gundi akasimama. "Ni kosa langu. Rangi ndiyo ilikuwa inaonyesha uongo wao, mimi nikaitoa. Na picha zilikuwa na ukungu, nikazisafisha zisomeke. Wallahi sikufikiri. Nilitaka kazi itoke safi."

"Imetoka safi," mzee akakubali.

Kisha akamtazama bintiye. "Nimekusikia, mwanangu. Si wewe. Nimeamini."

Dakika alimjua baba yake. Akimaliza kuikagua saa, hutoa lenzi kwanza, ndipo aseme imepona. Sasa alikuwa amesema ameamini, na lenzi bado ilikuwa jichoni.

*

Walitoka nje, nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo. Sare zake tatu nyeupe zilikuwa zimeanikwa. Gundi alisimama upande mmoja wa sare, Dakika upande wa pili, na kwa muda hawakuonana isipokuwa miguu.

"Nieleze ilivyokuwa. Usiruke kitu."

"Nilipiga hodi saa saba na robo. Nikajua umeshafika. Mzee akafungua, akasema ingia mwanangu. Akakiona mkononi, akanyoosha mkono. Mkono wa mkwe, Dakika. Ningeukataaje?"

"Ungesema si changu."

"Na jina lako lile pale mgongoni?"

"Nani alikuambia uliandike? Matusi yana mwandishi? Mimi ndiye niliyeyatunga?"

"Mkono tu," akasema. "Nilikuwa nawaza namna ya kuwabana wale watu, na mkono ukafanya ulivyozoea."

"Endelea."

"Nikamwambia ni karatasi za ofisini. Akasema basi, yeye hafungui cha mtu. Akakiweka mezani, akaenda jikoni kumwambia mama atengeneze chai."

Dakika alisogeza sare moja pembeni ili amwone usoni.

"Akaenda jikoni."

"Ndiyo."

"Na kitabu kiko mezani, na wewe uko peke yako."

"Ndiyo."

"Ungeweza kukichukua."

Hapa mwanamume mwingine angedanganya, na huenda uongo ungewaokoa wote wawili. Wangezeeka nao. Lakini Gundi alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli, na ndio uliokuwa umempendeza binti huyu tangu mwanzo.

"Ningeweza," akasema.

"Kwa nini hukukichukua?"

"Nilichoka."

Aliangalia vidole vyake. "Nimesoma kurasa mia mbili na kumi na mbili. Nimezipanga kwa tarehe. Nalijua kila tusi ulilotukanwa na siku uliyotukanwa. Usiku nafumba macho nayasoma. Asubuhi mama yangu ananiuliza, bado unamtaka? Mchana wateja wananiuliza, yule si ndiye mchumba wako? Na wewe unaniambia nyamaza, baba asijue. Nilipokiona pale mezani, nikasema moyoni, kama mzee atafungua, afungue. Awepo na mtu mzima mwingine anayejua. Mficha uchi hazai, Dakika."

"Methali hiyo usinitajie mimi. Leo usinitajie."

"Samahani."

"Ulichoka." Alilirudia neno hilo kama analionja. "Siku tatu umesoma, ukachoka. Mimi nina mwaka. Wameniandikia mimi, Gundi, si wewe. Na sikuwahi kukuomba ubebe yote. Nilikuomba mlango mmoja. Mmoja tu. Wale arobaini wamejaribu kila njia wasiupate. Aliyewafungulia ni wewe."

"Usiniweke na wale."

"Sikuweki nao. Wale siwapendi."

Gundi alizunguka kamba, akaja mpaka mbele yake. Alitaka kumshika, akaogopa. Macho yao yakakutana, na Dakika aliona ndani ya macho yale kila kitu alichokuwa amekitamani: chumba chao, kelele za watoto wao wenyewe baada ya watoto wa watu, mwanamume anayerudi kulikagua daftari lisiloumwa. Vyote vilikuwa bado vipo, havijapungua hata kimoja. Na nyuma yake aliuona ule ukurasa.

"Waambie wazee wasije Jumapili."

"Dakika."

"Waambie."

"Mama yangu atasema alijua. Nitamwambia nini?"

"Mwambie ameshinda."

"Nitachapa upya!" Gundi akasema. "Kwa rangi. Leo hii. Nitamletea mzee aone shingo, aone kiungo, kiko wazi. Nitamwekea na wale waliokutetea, wote, nitawafunga juzuu yao. Nipe simu dakika moja tu."

Mpaka hapo Dakika hakuwa amelia. Sasa alilia, kwa sababu alimwona akimaanisha. Mwanamume huyu angekaa siku nyingine tatu akafunga asante za wasichana kwa jalada gumu, na herufi zingenyooka, na asingeelewa bado.

"Unataka baba aitazame tena? Safari hii kwa rangi?"

Gundi aliurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha kupokea simu.

"Umeona? Hakuna dawa. Akiitazama aone si mimi, itabidi aitazame." Alijifuta kwa pindo la sare iliyokuwa kambani. "Nakupenda. Usije ukadhani limeisha. Ningekuwa sikupendi ningekutukana leo nikapumua. Lakini nikikuona nitamwona baba na lenzi, kila siku, ukinywa chai, ukimbeba mtoto. Siwezi kuolewa na hilo."

"Nitangoja."

"Usingoje."

"Na kesho? Saa nne? Afisa hapokei kama mwenyewe hayupo."

"Basi asipokee."

"Wataendelea! Wale watu wataendelea, Dakika, watadhani wamekunyamazisha."

"Kwani hawajaninyamazisha?"

Upepo ulizipeperusha sare, moja ikamgusa Gundi begani, akaishika asijue anashika nini, akaiachia. Alipita pembeni ya nyumba akavaa viatu vyake bila kufunga kamba. Dakika alisikia hatua zake zikisimama kwenye lango, zikasimama muda mrefu. Angeita jina tu, angerudi. Alilishika jina mdomoni mpaka hatua zikaenda.

*

Aliporudi ndani, mama alikuwa jikoni na bomba la maji limefunguliwa kwa nguvu, namna wanawake wafanyavyo wasipotaka kusikika. Kitabu hakikuwa mezani. Baba hakuwa na lenzi tena. Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, mikono magotini, macho yamemvimba.

Dakika alikaa karibu naye.

"Kijana kaenda?"

"Kaenda."

"Ni kijana mzuri."

"Najua, Baba."

"Nisamehe kwa lile swali. Sikupaswa kuuliza."

"Si kitu, Baba."

"Mimi mwenyewe nilikuogesha ulipokuwa huwezi hata kunyonya. Nakujua."

"Si kitu."

Alikuwa amechoka mno. Aliinamisha kichwa kumwelekea baba yake, kama alivyofanya tangu utotoni akitoka shule, akitoka mtihani, akitoka wodini siku mtoto amekufa. Mzee aliinua mkono aje amshike kichwa. Dakika aliuona kivuli cha mkono ukija, akafumba macho akingoja.

Mkono haukufika. Alipofumbua, ulikuwa umesimama hewani, shubiri moja kutoka nywele zake, na baba anautazama kana kwamba anajiuliza kama bado ana ruhusa. Kisha ukarudi polepole gotini, na mzee akageukia dirishani akisafisha koo. Wakakaa hivyo, baba na bintiye, kila mmoja akimwonea haya mwenzake, mpaka mama alipokuja kuuliza kama kuna atakayekula.